Mchinjaji asisahaulike kwenye mafua ya ndege

Mhariri,

Kila mafua ya ndege yanapozuka, swali linalotawala magazetini ni moja: je, kuku na mayai bado vinalika? Jibu linajulikana. Nyama iliyoiva mpaka ndani haina tatizo, kwani joto la nyuzi 70 za Selsiasi huua virusi hivyo. Hatari iko kabla ya sufuria, kwa anayechinja na kunyonyoa, na huyo matangazo mengi yanampita.

Mtazameni akiwa kazini. Kuku amezubaa tangu jana, kishungi kimegeuka zambarau, na mwenyewe anasema ni mdondo tu, bora achinjwe kabla hajafa. Ananyonyolewa, anatolewa matumbo, na mkono uleule unapangusa jasho usoni. Virusi vya H5N1, aina inayoleta mafua ya ndege, vimo kwenye mate, makamasi na kinyesi cha ndege mgonjwa, na jicho nalo ni mlango: mwaka 2024 huko Marekani, wengi wa wafanyakazi wa mashamba ya ng'ombe wa maziwa na kuku walioambukizwa walianza kuwashwa macho yakawa mekundu. Isitoshe, mdondo na mafua ya ndege havitofautishwi kwa kutazama. Maabara ndiyo huamua.

Kwa hiyo ndege mgonjwa asichinjwe, aripotiwe. Ni rahisi kusema! Hong Kong mwaka 1997, watu 18 walipougua na 6 kufariki, serikali iliteketeza kuku wapatao milioni 1.5. Hatua ile ilisaidia, lakini mfugaji anayejua kwamba banda zima litateketezwa na fidia itacheleweshwa, au isije kabisa, atawauza usiku usiku. Kwangu mimi, fidia ya haraka ni kinga ya binadamu sawa na glavu, barakoa na miwani.

Tangu 2003 Shirika la Afya Duniani limeorodhesha wagonjwa zaidi ya 900 wa H5N1, na karibu nusu yao walifariki. Dawa ya oseltamivir ipo, ila hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Mgonjwa akifika na homa na kikohozi, mganga amuulize mapema: siku 10 zilizopita ulishika ndege mgonjwa au mzoga? Naye mgonjwa asingoje kuulizwa. Naomba gazeti lako lichapishe hilo pia, pembeni ya habari za mayai.

Msomaji wako