Mwanangu, ugonjwa huu hata wanaume unatupata

Mwanangu mpendwa,

Mimi na mama yako tumekubaliana nikuandikie mimi, maana ninayotaka kusema, kuhusu ugonjwa wa kujinyima chakula au kula kisha kujitapisha, yanatuhusu sisi wanaume.

Umekonda, na masomo si sababu. Julai ya hapa Uyole humtetemesha kila mtu, lakini wewe ulivaa sweta juu ya sweta mchana jua likiwaka, na mikono yako ilikuwa ya baridi. Ugali uliukwepa. Maparachichi uliyokuwa ukiyagombania na wadogo zako ukasema yana mafuta. Siku ya ubatizo ulikula ukashiba, kisha ukaenda chooni moja kwa moja ukafungulia bomba lote. Sikugombezi. Nakutajia niliyoyaona ili usipate tena kazi ya kunificha.

Maneno ya majirani nayajua. Huku Nyanda za Juu, kuanzia Njombe na Iringa hadi kwetu Mbeya, virusi vya UKIMWI vimetuzikia watu wengi mno, kwa hiyo kijana akipungua mwili watu wanakuwa na jibu tayari. Umepima, majibu ni safi, tunamshukuru Mungu. Ila baada ya hapo kila mtu ameacha kuuliza, na mimi sikubali. Hakuna aliyekuuliza ukiona sahani unawaza nini, au ukijitazama kwenye kioo unaona nini. Kwa mwanaume swali hilo haliwajii watu kabisa, na wanaume wanakufa kwa sababu hiyo.

Wanawake wanaougua ni wengi zaidi, ni kweli, lakini mwaka 1689 tabibu Mwingereza Richard Morton alipoandika habari za vijana waliodhoofika kwa kutokula, mmoja wa wagonjwa wake wawili alikuwa mvulana wa miaka kama 16. Kwa wengi wetu haianzi kwa kutaka wembamba. Inaanzia jimu: kukata tumbo, misuli ionekane, kisha sheria za chakula zinaongezeka hadi zinakutawala. Wala si lazima mtu akonde. John Prescott, aliyekuwa naibu waziri mkuu wa Uingereza, mwanaume wa mwili mkubwa aliyewahi kuwa mhudumu wa melini, alisema hadharani mwaka 2008 kwamba kwa miaka mingi alikuwa akila kupita kiasi kisha anajitapisha.

Kuna jambo lililonifanya nielewe hasira zako za likizo. Mwaka 1944 na 1945, kule Minnesota, Marekani, vijana 36 wenye afya njema walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita ili wataalamu wajifunze jinsi ya kuwasaidia watu wenye njaa ya vita. Wakawa wakali, wakajitenga, wakapoteza hamu hata ya wasichana. Wengine walisoma vitabu vya mapishi kama watu wasomavyo Biblia. Walianza wakiwa wazima wa akili, mwanangu. Njaa peke yake iliwabadilisha. Kwa hiyo usijiambie kuwa wewe ni dhaifu au una kiburi.

Kinachonitia hofu zaidi ni moyo wako. Kutapika huondoa potasiamu mwilini, na ikipungua sana moyo unaweza kwenda mrama au kusimama, hata kwa kijana anayekimbia kila alfajiri. Wala usijaribu kujitibu mwenyewe kwa kula mno ghafla, maana mwili uliozoea njaa unaweza kuelemewa. Tutaanza Hospitali ya Rufaa ya Kanda, wapime damu na moyo, kisha tuonane na watu wa afya ya akili. Daktari wa kwanza akisema ni mawazo tu, tutamtafuta wa pili. Nitaingia nawe ukitaka, na usipotaka nitasubiri nje.

Nyumbani tutakula pamoja, nami nitakaa nawe hadi umalize, hata ukikasirika. Wazazi wengi wenye watoto wagonjwa hivi hufundishwa kufanya hivyo, na mimi niko tayari kujifunza. Mama yako ameshawakataza wadogo zako kutaja mwili wako.

Nauli nimeituma kwenye simu. Panda basi la asubuhi Ijumaa, nitakupokea Uyole. Na yule mwenzako wa chumbani, ambaye ulisema kwamba naye anaishi kwa mayai na maji, mwambie nafasi ipo, aje naye.

Baba yako