Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Sir Edward Leigh, Mbunge wa Gainsborough

Shikamoo mzee wetu,

Naandika kama mpiga kura wako, Mtanzania naeishi huku Lincolnshire, maana sisi wa nchi za Jumuiya ya Madola tukiishi Uingereza kihalali tunaruhusiwa kuchagua mbunge. Mengi sikubaliani na wewe, ndoa za jinsia moja ulipinga mimi sikupinga, Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, uliitaka mimi sikuitaka, lakini heshima yako nakupa kabisa.

Tangu 1983 hujawahi kuangushwa, chaguzi kuu 11! Hata 1997 wapinzani wenu wa chama cha Labour walipofagia nchi nzima wewe ulibaki. 2024 ukawa Baba wa Bunge, yaani mbunge aliyekaa mfululizo muda mrefu kuliko wote, maana wabunge wenzako kina Corbyn na Roger Gale mliingia wote 1983 ila wewe ulitangulia kuapa, na ukasimamia uchaguzi wa Spika.

Ila mzee, kura zako zimeporomoka. 2019 ulimpita wa pili kwa zaidi ya kura 20,000, 2024 haikufika hata 4,000, na mwaka uliofuata chama cha Reform wakachukua halmashauri ya mkoa wetu wa Lincolnshire pamoja na umeya. Sasa naona chama chako cha Conservative kinahangaika kuwaiga, na wabunge wapya wanaitikia kila anachosema kiongozi, hilo ndo linaniuma.

Wewe hukuwa hivyo. 1993 ulikuwa naibu waziri, ukaupinga mkataba wa Maastricht ulioanzisha Umoja wa Ulaya ukijua kibarua kinaota nyasi, na kweli waziri mkuu John Major akakupiga chini. Halafu ukakaa mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali kuanzia 2001 hadi 2010 unawabana maafisa wakubwa kwenye pesa za walipa kodi. Na juzijuzi hapa Scampton jimboni kwetu, serikali ya chama chako mwenyewe ilitaka kujaza waomba hifadhi kwenye kambi ile ya zamani ya ndege za jeshi, wewe ukakataa mpaka mpango ukafutwa 2024, na mimi nilifurahi maana binadamu aliyekimbia vita hafai kurundikwa kambini, hata kama sababu zako zilikuwa nyingine.

Ombi langu ni moja. Chama chenu kilitoka na viti 121 tu kwenye uchaguzi wa 2024 na baadhi yao ni wageni bungeni. Waite, wasimulie ya Maastricht na kilichokupata, waambie mbunge anaweza kumkatalia kiongozi wake na bado wananchi wakamrudisha miaka thelathini mfululizo. Na sisi wapiga kura tuitie mkutano hapa Gainsborough au Market Rasen, tukuulize ana kwa ana kama utagombea tena.

Wako,
Mpiga kura wa Gainsborough