Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025 wa Chama chetu cha Wagonjwa wa Parkinson na Walezi, Dodoma

Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, wajumbe wa Kamati Tendaji, wazee wetu na wanachama wote mliofika,

Poleni na safari, hasa mliotoka Mpwapwa na Kondoa. Mwaka huu wenzetu watatu wametangulia mbele ya haki. Mungu awapumzishe mahali pema. Rambirambi ziliwasilishwa kwa familia zote tatu, na moja ilichelewa kwa sababu nitakayoieleza kwenye kipengele cha ada.

Shughuli za kawaida nazipitia haraka, maana mlikuwepo, au angalau picha mliziona kwenye kundi la WhatsApp. Tarehe 11 Aprili tuliadhimisha Siku ya Parkinson Duniani kwa matembezi mafupi. Mazoezi ya Jumamosi yalifanyika, yakasimama wakati wa mvua, yakarudi. Tuliwatembelea wagonjwa Kongwa, Bahi na Chamwino. Dawa yetu kuu, levodopa yenye kabidopa, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini kwenye maduka ya dawa leo ipo, kesho haipo. Tuliandika barua kuhusu jambo hilo tukajibiwa kwamba barua imepokelewa. Basi, ya kawaida ndiyo hayo.

Sasa nije kwenye suala la damu.

Najua ndilo lililowaleta baadhi yenu leo, wakiwemo wengine ambao sikuwaona tangu mkutano mkuu uliopita. Karibuni sana. Mwezi Agosti chama kiliwapokea watafiti wa chuo kimoja cha hapa nchini walioshirikiana na wenzao wa nje. Walichukua damu, wakapima harufu, wakauliza maswali. Waliotoa damu ni watu 41: wagonjwa 24 na ndugu 17 wasioumwa. Tangu siku hiyo maneno hayajaisha. Imesemwa kwamba mwenyekiti ameuza damu ya wanachama. Mzee mmoja ninayemheshimu alifika nyumbani kwangu akaniuliza kwa upole kama hawa si wale mumiani tuliotishiwa nao utotoni. Sikucheka. Nilimpa chai, nikamweleza, na leo nawaeleza wote kwa maandishi ili kila mtu abaki na nakala.

La kwanza, kwamba wanachama hawakushirikishwa. Mkutano wa kujadili jambo hili uliitishwa mwezi Juni kwa ujumbe wa simu, kwa WhatsApp na kwa tangazo lililobandikwa kwenye ofisi ya kata. Katiba yetu inataka nusu ya wanachama, yaani watu 34. Walifika 19, na wawili kati yao waliingia chakula kikishaanza kupakuliwa. Akidi haikutimia. Jambo likarudi kwenye Kamati Tendaji, ambayo kikatiba ina mamlaka ya kuamua mambo yasiyoweza kusubiri. Kura zilikuwa nne kwa tatu, na ya nne ilikuwa yangu. Sijaificha, imo kwenye muhtasari. Watafiti walikuwa na ratiba yao na wasingetungoja mpaka sisi tumalize mavuno, harusi na misiba. Ninayemsikia akisema hakuulizwa, namwomba kwanza atuambie mwezi Juni alikuwa wapi.

La pili, kwa nini damu yetu na si ya wengine. Hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu nimesoma sana juu ya hili, na kwa macho yangu haya si kazi ndogo. Ugonjwa huu wa kutetemeka na kukakamaa aliuandika daktari wa London, James Parkinson, mwaka 1817. Baadaye ikajulikana kwamba seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia mwili kujongea, hufa kidogo kidogo, na tangu miaka ya 1960 levodopa imekuwa dawa inayoirudisha dopamini hiyo kwa muda. Kwa nini seli hizo zinakufa, hilo bado linatafutwa. Mwaka 1997 iligunduliwa hitilafu ya kwanza ya jeni, yaani chembe ya urithi, katika ukoo wenye asili ya Italia. Zikafuata nyingine, na nyingi zilitafutwa katika damu ya Wazungu. Ya kwetu haikuguswa sana.

Kisha Agosti 2023 likatoka jambo ambalo lingeshangiliwa nchi nzima kama lingekuwa la mpira. Watafiti wa Nigeria, Uingereza na Marekani, akiwemo Profesa Njideka Okubadejo wa Lagos, walitangaza kwenye jarida la Lancet Neurology kwamba wamepata badiliko kwenye jeni iitwayo GBA1, linaloongeza uwezekano wa kupata Parkinson kwa watu wenye asili ya Afrika. Walichunguza watu karibu 198,000, na kati yao wagonjwa walikuwa 1,488. Mwenye nakala moja ya badiliko hilo hatari yake hupanda kama mara moja na nusu, mwenye nakala mbili kama mara tatu na nusu. Kwa Wazungu badiliko hilo ni kama halipo. Kwa hiyo wangeendelea kupima damu ya Ulaya miaka mia, wasingeliona. Lilionekana kwa sababu kuna watu Nigeria waliokunja mikono ya mashati yao. Mimi sikuona sababu ya mtu wa Dodoma kushindwa kukunja wa kwake.

Na hapa kwetu Tanzania jambo hili halikuanza na mimi, ingawa wapo wanaosema nimelileta mimi. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 walikuwa wamewapata wagonjwa 33 katika watu 161,000 hivi. Wengi wa wagonjwa hao hawakuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana Parkinson. Walikuwa wakiambiwa ni uzee, au wamerogwa. Nani kati yetu hapa hakuambiwa hivyo?

La tatu, kwa nini watu wenye afya, wasiotetemeka, nao walitolewa damu. Swali hili limeulizwa kwa ukali kuliko yote, na ndilo lenye jibu rahisi kuliko yote. Ukikuta kitu kwenye damu ya mgonjwa, utajuaje kwamba ndicho kinachomuumiza, kama hukutazama damu ya asiyeumwa? Wale ni watu wa kulinganisha nao. Wake na waume waliokubali walitusaidia sana, na nasikitika kwamba mmoja wao alisemwa vibaya na shemeji zake.

La nne, siri. Kila chupa ilibandikwa namba, si jina. Fomu za ridhaa zilisomwa kwa Kiswahili, na kwa wazee wetu wawili zikaelezwa kwa Kigogo na mjumbe wa kamati. Kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu nilikidai kabla sijasaini chochote, nikasoma kurasa zote, pamoja na ile inayohusu sampuli kupelekwa nje. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na niliwakumbusha watafiti hivyo, wakanitazama kwa mshangao kidogo. Mwanachama anayetaka kujitoa anaruhusiwa hata leo, bila kueleza sababu. Aliyeniomba mpaka sasa ni mmoja, na jina lake limeshapelekwa.

La tano, fedha. Kila aliyetoa damu alipewa nauli ya shilingi 10,000 mkononi, akasaini. Chama kilipewa shilingi 1,500,000 za maandalizi: gari 480,000, chakula 390,000, turubai na viti 150,000, kuchapa na kudurufu 60,000, na zilizobaki 420,000 zipo benki, hati ya benki anayo Mweka Hazina. Kuhusu gari: ndiyo, ni la mdogo wangu. Tuliuliza bei kwa watu watatu na yeye ndiye aliyekuwa chini. Wa bei ya juu kabisa ni ndugu wa mmoja wa wanaolalamika, lakini hilo naliacha. Simu na vocha za kuratibu siku ile nzima zilikuwa zangu na sijadai hata senti.

Waliokuwepo siku ile waliona wenyewe kazi ilivyofanyika. Bibi mmoja aliwekewa puani kijikaratasi chenye harufu ya karafuu, akanusa, akanusa tena, akasema hakina kitu. Mjukuu wake aliyesimama nyuma alikuwa ameshaisikia. Watafiti walieleza kwamba pua kupoteza harufu kunaweza kutangulia kutetemeka kwa miaka mingi. Na mzee wetu wa Mpunguzi, alipoulizwa kama amewahi kupiga dawa shambani, aliinuka, akarudi nyumbani, akaja na chupa ya plastiki isiyo na lebo, kizibo kimefungwa kwa kitambaa. Alikuwa akiipulizia zabibu miaka yote bila glovu, na ilikuwemo nini hakumbuki. Maswali hayo hayakuwa umbea kama ilivyodaiwa. Utafiti uliofanyika kwa wakulima wa Marekani na kutolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba waliotumia parakwati, dawa ya kuua magugu, walikuwa na uwezekano wa kupata Parkinson kama mara mbili na nusu ya wasioitumia. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2007. Mkoa wetu una mashamba mengi ya zabibu, hivyo nilitarajia swali hilo litatugusa zaidi kuliko suala la gari.

Majibu ya mtu mmoja mmoja hayatakuja, na hilo liliandikwa kwenye fomu. Asiyependa angeuliza kabla ya kusaini.

Nigusie pia uamuzi wa kuzuia unga wa upupu kuuzwa kwenye mikutano yetu, maana nao umenipa maadui. Sikusema upupu ni uongo. Mbegu zake zina levodopa kweli, na utafiti uliofanyika Bolivia na kutolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba unga wake ulifanya kazi karibu sawa na dawa ya dukani. Lakini wagonjwa walipopewa kila siku kwa wiki kadhaa katika utafiti mwingine, nusu walijitoa kwa sababu ya tumbo au hali kuzidi. Unga uliokuwa ukiuzwa hapa mlangoni ulipimwa kwa kijiko cha chai na mtu aliyekuwa akiongea na simu. Mwenye nia ya kuutumia azungumze na daktari wake. Vivyo hivyo kwa ambroxol, ile dawa ya kikohozi. Ni kweli Uingereza wameanza mwaka huu majaribio makubwa kuona kama inasaidia Parkinson, kwa kuwa inagusa kimeng'enya kinachotokana na jeni hiyohiyo ya GBA1. Majaribio hayajaisha. Tafadhali msiendelee kununua chupa tatu tatu.

Sasa ada. Wanachama tuliosajiliwa ni 68. Ada ni shilingi 24,000 kwa mwaka, yaani 2,000 kwa mwezi, bei ya soda na andazi. Tulitarajia 1,632,000, tumepata 612,000. Waliolipa yote ni 21, waliolipa nusu 9, na 38 hawajalipa kitu. Rambirambi ile ilichelewa kwa sababu sanduku lilikuwa tupu, ikabidi wajumbe wa kamati tuchangishane. Sisemi nani alitoa kikubwa.

Mahudhurio ndiyo hayo mnayoyajua. Mgonjwa anayeshindwa kupanda daladala simlaumu, na mlezi asiye na wa kumwachia mgonjwa simlaumu. Nawalaumu wale wanaoonekana soko la Sabasaba kila Jumamosi wakinunua nguo huku mazoezi yakifanyika jirani. Nilipolipitia daftari la mahudhurio kwa ajili ya taarifa hii niliona sahihi za wenzetu kadhaa zikizidi kuwa ndogo kutoka Januari hadi Novemba, hadi nyingine nikazisoma kwa miwani na tochi ya simu. Hao wenye sahihi ndogo ndio wanaokuja. Wenye mikono mizima ndio wasioonekana.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kupata ofisi, hata chumba kimoja. Tunatarajia pia bingwa wa mishipa ya fahamu aje kuzungumza nasi, na watafiti warudi kutueleza kwa jumla walichokipata. Wamesema watarudi, tarehe hawajataja. Tutaangalia uwezekano wa mradi wa kuku.

Kuhusu uongozi, nimesikia kuna jina lingine linalopendekezwa kwa nafasi hii. Uchaguzi ni ajenda namba saba na utafuata katiba, ambayo kifungu chake cha tano kinasema anayepiga kura ni mwanachama aliyelipa ada ya mwaka husika. Mweka Hazina amekaa meza ya mlangoni na kitabu cha stakabadhi, na anapokea fedha taslimu na za simu mpaka ajenda hiyo itakapofunguliwa.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti