Risala ya vijana wa mbio za robo maili kwa mgeni rasmi, Dallas

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa jumuiya yetu, wazee wetu, mama zetu, na ndugu zetu mliokuja kutoka Fort Worth na Houston, itifaki imezingatiwa. Shikamooni wakubwa.

Tunakushukuru mzee wetu kwa kuitikia wito. Hatukukualika kwa kubahatisha. Kabla ya kuja Marekani ulikuwa na gereji Tanga, na wapo humu ukumbini wanaokumbuka Land Rover ulizozifufua wakati wenyewe wameshazikatia tamaa. Angekuja mgeni mwingine, nusu ya risala hii ingeishia kumweleza giaboksi ni nini.

Sisi ni wanachama tisa wa kikundi cha mbio za magari za robo maili, ambapo magari mawili hushindana kwenye njia iliyonyooka. Wawili ni madereva wa malori, watatu wako ghalani, wawili wanahudumia wagonjwa, mmoja ni fundi wa viyoyozi, na dada yetu mweka hazina anasoma uhasibu. Gari letu ni moja, pikapu ndogo aina ya Chevrolet S-10 ya 1996, ambayo tuliikuta nyuma ya nyumba ya mwenzetu imeota majani hadi kwenye usukani.

Mzee, tunajua yanayosemwa. Wazazi waliposikia neno mbio, walifikiria zile za usiku wa manane barabarani, zinazoishia kwa polisi au hospitali. NHRA, chama kinachosimamia mbio hizi hapa Marekani, kilianzishwa na Wally Parks huko California mwaka 1951 kwa sababu hiyohiyo: vijana wa wakati huo walikuwa wakishindana mitaani, akataka wapate uwanja, kanuni na wakaguzi. Sisi tunakimbia uwanjani tu. Anayekamatwa akishindana barabarani anatoka kikundini siku hiyohiyo, na mmoja ameshatoka.

Swali tunaloulizwa sana ni hili: mnashindanaje na watu wenye magari ya dola laki moja? Jibu ni kwamba hatushindani nao kwa mwendo. Ziko mbio za aina yake ambapo kila dereva hutangaza mwenyewe muda wake kabla ya kukimbia. Unauandika kwenye kioo kwa rangi nyeupe ya viatu, kila mtu auone. Sisi tunauita muda wa ahadi. Tuseme pikapu yetu imeahidi sekunde 11.60 kwa robo maili, yaani mita 402, na mpinzani wa njia ya pili ana gari la sekunde 9.20. Taa zetu za kuruhusu kuondoka zinawaka mapema, tunaondoka sekunde 2.40 mbele yake, naye anatufukuza. Wote wakitimiza ahadi sawasawa, mshindi ni aliyewahi kuitikia taa. Ukiondoka kabla ya taa ya kijani, inawaka nyekundu na umeshindwa. Na hapa ndipo wengi hushangaa: ukienda kasi kuliko ulivyoahidi, hata kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, umevunja ahadi na kwa kawaida umepoteza, labda mwenzako awe ameivunja kwa kiasi kikubwa zaidi au amewasha nyekundu.

Kwa hiyo fedha nyingi tunazitumia kulifanya gari lirudie kitu kilekile, siyo kulifanya likimbie zaidi. Vijana wengine hutucheka tukiwaambia hivyo, hadi wakutane nasi raundi ya tatu.

Injini yetu ni V8 ya lita 5.3 kutoka lori la Silverado. Hatukuinunua dukani. Tulinunua Silverado nzima iliyogongwa nyuma, kwa dola 1,400, tukaifungua kwa wikiendi mbili. Milango, bodi ya mbele, redio, viti na rimu viliuzwa kimoja kimoja kwa jumla ya dola 1,650. Injini ikabaki, na juu yake dola 250. Mama mwenye nyumba alitusamehe kwa mafuta yaliyomwagika uani, ingawa hadi leo anatutajia.

Turbo, ile ya kuiongezea injini nguvu, hatukuweka, na siyo kwa sababu hatuitamani. Kwa gari la zamani kama letu, kanuni za NHRA zinadai bomba la chuma la kumkinga dereva gari likianza kukimbia sekunde 11.49 au chini ya hapo. Chini ya sekunde 10 wanataka kizimba kizima cha mabomba, na gharama nyingine zinafuata nyuma yake. Tukaamua kukaa juu kidogo ya mstari wa 11.49. Kofia ngumu tumenunua mpya, hiyo hatukutafuta ya mtumba. Tairi za mbio, zile zisizo na kashata kabisa, tunanunua zilizotumika kutoka kwa timu zenye uwezo, ambazo huzibadilisha mapema. Kwao zimekwisha, kwetu zina msimu mzima. Tunazibeba nyuma ya pikapu hiyohiyo, tunafika uwanjani na tairi za kawaida, tunapiga jeki, tunabadilisha, tunakimbia, tunarudisha, tunaenda nyumbani.

Chombo chetu cha thamani kuliko vyote ni kaunta buku la mweka hazina. Kila mbio inaandikwa humo: joto la hewa, unyevu, upepo wa tairi, na muda wa mita 18 za mwanzo, kwa maana tairi ikiteleza hapo hakuna cha kukomboa mbele. Julai hapa Texas, hewa ya saa tisa mchana ni nyepesi na injini inachoka. Saa tatu usiku hewa imepoa na gari lilelile linaongeza mwendo. Asiyebadilisha ahadi yake kati ya saa hizo anajifunga mwenyewe. Dada huyu hajawahi kuendesha raundi hata moja, lakini ushindi wetu wote minne umetoka kwenye kalamu yake.

Mapato ya mwaka jana yalikuwa hivi. Michango ya wanachama, dola 50 kila mwezi kwa kila mmoja, ilileta 5,400. Kubadilisha breki na oili za magari yenu, 2,300. Pilau na mandazi kwenye hafla za jumuiya, 1,150. Stika za duka la vyakula na saluni ya kusuka, 900. Zawadi za ushindi, 640. Jumla ni dola 10,390, tulitumia 9,870, na zimebaki 520. Mtakaosema zawadi haifiki hata gharama ya tairi mko sahihi kabisa. Tumo kwa sababu tunaipenda.

Madereva wetu wa malori hupenda kukumbusha kwamba John Force, bingwa mara 16 wa NHRA katika daraja la magari ya Funny Car, naye alikuwa dereva wa lori, na ushindi wake wa kwanza wa kitaifa haukuja hadi 1987. Wengine wetu tunamtazama zaidi Antron Brown, Mmarekani Mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa Top Fuel, daraja la juu kabisa la mbio hizi, mwaka 2012.

Changamoto hazikosi. Mwezi wa tano giaboksi ilikatika raundi ya pili, na kwa kuwa gari ndilo lililotuleta, tulirudi kwa gari la kuvuta, gharama yake ikazidi bei ya giaboksi yenyewe. Tena viwanja vinapungua: ule wa Baytown, karibu na Houston, ulifungwa 2023, na ndugu zetu wa huko sasa wanasafiri saa nyingi kuja huku.

Maombi yetu ni mawili. La kwanza ni trela. Haihitaji kuwa mpya, hata yenye kutu tutaikwangua, na ikiwezekana tuikope tutailipia kwa kazi. La pili, mzee wetu, tunaomba Jumamosi ya tarehe 14 uje uwanjani uisikilize injini ikiwa ya moto, kwa maana kuna mlio upande wa kushoto ambao sisi tisa tumeshindwa kukubaliana ni wa nini.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.