Isabel wawili

Glasgow, Jumapili jioni

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na kwa wote hapo Thogoto. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu.

Baba, wewe mzee wa kanisa ndiwe uliyetuambia tukiwa wadogo kwamba hata jina la Thogoto limetokana na Waskoti. Jana nimeona walikotoka. Wenzangu wa kanisani walinipeleka Priesthill, nje ya mji wa Muirkirk, kwenye kaburi la John Brown. Mwendo wa mwisho ni wa miguu, katikati ya nyika yenye majimaji, na viatu vyangu hadi sasa havijakauka.

Brown alikuwa mchukuzi wa mizigo. Mfalme Charles wa Pili alirudisha maaskofu katika kanisa la Scotland, na mwaka 1662 wachungaji waliokataa kuwa chini yao wakafukuzwa makanisani. Waumini wakawafuata milimani; walijiita Watu wa Agano, kwa ajili ya agano la kulilinda kanisa lao. Walisali nje, mmoja wao akiwekwa juu ya kilima kuwaangalilia askari wa farasi. Kuanzia 1670, mchungaji aliyehubiri hivyo aliweza kunyongwa. Kufikia 1685 mambo yalikuwa yameharibika kabisa: mkulima aliweza kukutwa shambani, akadaiwa kiapo cha kuwakana waliotangaza vita dhidi ya mfalme, papo hapo, na akikataa akapigwa risasi bila kufikishwa mahakamani.

Brown alikamatwa tarehe 1 Mei mwaka huo na kikosi cha John Graham wa Claverhouse. Akakataa kuapa. Graham mwenyewe aliandika kwa wakubwa wake kwamba aliamuru auawe, na kwamba mtu yule alikufa bila kushtuka. Watu wa Agano husimulia kwamba mkewe, Isabel Weir, alikuwa amesimama palepale. Askari walipoondoka akakifunga kichwa cha mumewe, akamfunika kwa shuka lake, akaketi kando yake akilia. Baba, nililia na mimi.

Lakini kuna habari nyingine niliyoisikia njiani, nayo ndiyo iliyoninyima usingizi. Miaka sita kabla ya hapo, tarehe 3 Mei 1679, watu wa upande wetu, Watu wa Agano, walilisimamisha gari la farasi la Askofu Mkuu James Sharp pale Magus Muir, karibu na St Andrews. Wakamtoa nje, wakamuua kwa panga na bastola, binti yake akiona yote. Naye aliitwa Isabel.

Sharp aliwatesa wengi, najua. Ila mimi pia ni binti wa mtu wa kanisa, na nimepanda gari na wewe mara ngapi kwenda ibadani?

Pale kaburini aliyetuongoza kuomba alimtaja Brown na mkewe. Mimi nikamtaja yule binti, kimoyomoyo.

Naomba unijibu kwa barua, si kwa simu. Mlipokuwa mnafundishwa kabla ya kuwekwa wakfu kuwa wazee, mliwahi kusimuliwa habari zake?

Mwanao akupendaye.