Barua kwa mwanangu aliyeacha ugali

Mwanangu,

Marahaba. Picha zako nimeziona: mayai, parachichi, nyama, hakuna hata tonge la ugali. Kaka yako akacheka, eti dada siku hizi anakula kimorani. Mimi sikucheka. Nilichotaka kujua hukukiandika: vidonge vya sukari unavimezaje sasa?

Sisemi kupunguza wanga ni upuuzi. Mwenye kisukari akipunguza ugali, wali na chapati, kipimo hushuka, na hapo ndipo penye hofu yangu. Glibenklamaidi, kidonge chako cha kushusha sukari, haijui sahani ina nini. Inalisukuma kongosho litoe insulini, umekula wanga au hukula. Ukimeza dozi ileile ya siku za ugali juu ya mayai na parachichi, sukari ya damu inaweza kushuka chini ya 4 kwenye kipimo. Utatokwa jasho, utatetemeka, maneno yatakupotea, na kwenye daladala watadhani umelewa. Wodini nimewapokea wengi wa namna hiyo. Dozi anapunguza daktari, si wewe, wala si huyo mwalimu wenu wa WhatsApp. Daktari umemwambia?

Shoga yako Msabato naye anakuvuta kwenye mboga na nafaka tupu. Wasabato siwabezi, wako kwenye milima yetu ya Upare tangu 1903. Wenzao wa Marekani walipochunguzwa, wasiokula nyama, mayai wala maziwa walikutwa wembamba zaidi, na kisukari kwao kilikuwa kidogo kuliko kwa wala nyama. Lakini asiyegusa kabisa cha mnyama hukosa vitamini B12, na metfomini unayomeza nayo huipunguza. Unaona? Kote huko tunarudi kwenye vidonge.

Mabishano ya kundi lenu la WhatsApp, tupunguze wanga au mafuta, yanawamalizia bando bure. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa majibu ya watu 609, nusu walipunguza wanga, nusu mafuta. Baada ya mwaka mmoja, waliopunguza wanga walikuwa wamepungua kilo 6 kwa wastani, waliopunguza mafuta kilo 5.3, tofauti isiyo na maana kitaalamu. Wote waliambiwa waache sukari na unga uliokobolewa, wale mboga kwa wingi. Mwaka 2021 watafiti wa serikali ya Marekani waliwaweka watu 20 ndani wakawapikia. Kwenye chakula cha mimea chenye mafuta kidogo, watu walikula pungufu kama kalori 700 kwa siku bila kuona njaa zaidi. Kwenye wanga kidogo sukari ya damu ndiyo iliyotulia. Kila upande una lake, basi chagua utakachoweza kuendelea nacho. Mwaka juzi ulianza kwa moto huohuo, ilipofika Krismasi ukarudi kwenye soda.

Ila umependeza, shingo imeonekana. Picha nimemwonyesha mama mchungaji.

Usiyadharau makande. Weka maharage mengi, mahindi machache, mafuta kidogo. Maharage yana nyuzi, hayapandishi sukari kwa kasi. Chai tuliyowalea nayo ndiyo ilikuwa sukari tupu, lakini nani alituambia wakati ule? Baba yako mpaka leo anaficha kikopo nyuma ya redio.

Kwenye mkoba weka glukosi au sukari ya kawaida, kwa siku ya damu ikishuka, na anayekaa nawe ajue. Pima asubuhi na kabla ya kulala, andika kwenye daftari, daktari alione. Usinijibu kwa kidole gumba, nataka namba.

Tangawizi tumeng'oa, mnunuzi anatupiga danadana, bei ya jana si ya leo. Paa la jikoni linavuja upande wa kuni. Na mpira wa sufuria ya presha umekatika, makande yanamaliza mkaa wa siku nzima. Nitafutie Kariakoo, ile ya lita saba, umpe kondakta wa basi la Same. Ukienda huko pitia kwanza kliniki.

Mama yako