Shukrani zetu kwa wakimbiaji wa Kisasa na wote mliomshika mkono Mwalimu

Mbukwenyi, ndugu zetu.

Familia yetu ya hapa Kisasa, Dodoma, inawasalimu na kuwashukuru. Mmekuwa mkiuliza hali ya mke wangu, ambaye wengi mnamwita Mwalimu, nami kwa miezi mingi nimewajibu kwa ujumbe mfupi mfupi wa simu: amelala, leo amekula, tuombeeni. Mnastahili jibu refu zaidi ya hayo.

Anaendelea vizuri. Mionzi ya kutibu saratani ya matiti alimaliza mwishoni mwa Novemba 2025. Sasa yuko kwenye vidonge vya kila siku, ambavyo daktari amesema atavimeza kwa miaka mitano, na kliniki hatakiwi kuikosa. Nywele zimeanza kurudi, laini kama za mtoto mchanga, na mjukuu wetu hachoki kuzipapasa.

Kwa msiojua tulikotoka: Desemba 2024, akivua fulana baada ya mbio, mkono wake uligusa uvimbe kwenye titi la kushoto, mdogo kama punje ya karanga. Haukuuma. Mahali tulipokwenda kwanza walisema ni tezi tu, mwanamke mwenye mazoezi namna hii hana cha kuogopa, arudi ukianza kuuma. Tukaamini, kwa sababu ndilo tulilotaka kulisikia. Miezi minne ikakatika hivyo.

Aliyetuamsha ni dada mmoja wa kundi la mbio, muuguzi kwa kazi yake. Walikuwa wakinyoosha viungo, Mwalimu akalitaja jambo hilo kama la kupita tu. Dada akasimama. "Mwalimu, hata usiouma unapimwa. Kesho nakufuata." Kesho yake saa moja asubuhi alikuwa getini, na pikipiki ameshaiita. Ikapigwa picha, wakachukua kinyama, na baada ya wiki mbili za kuhesabu masaa jibu likatoka: saratani ya matiti, hatua ya pili. Dada yetu, umekataza jina lako lisiandikwe, nasi tumetii. Lakini kila tunapopiga magoti hapa nyumbani linatajwa.

Mnaokimbia naye mnajua Mwalimu si mtu wa mbele. Kwa miaka sita amekimbia nyuma ya wote kwa hiari yake, ili aliyejiunga jana asibaki peke yake barabarani. Wengi wenu mliufikia mlima wa Chimwaga kwa mara ya kwanza yeye akiwa pembeni, akiwahesabia nguzo za umeme: "Tufike ile. Haya, sasa ile." Nilikuwa nikimwambia angeweza kwenda kasi zaidi akitaka. Hakuwahi kutaka.

Alipofanyiwa upasuaji mwezi Mei, kisha Juni zikaanza dripu za kemo, yaani dawa kali za saratani, dripu sita, kila baada ya siku 21, nilidhani habari ya mbio imekwisha. Daktari akasema atembee kadiri anavyoweza. Mlipolisikia hilo mkapanga zamu bila kutuuliza. Kila alfajiri kundi likipita na mchakamchaka wake, wawili walikuwa wanabaki getini kwetu. Wanatoka naye taratibu, amejifunga kanga kichwani na sweta kubwa kwa ajili ya ule upepo wa Dodoma wa Julai, ambao hauna huruma hata kwa mzima. Siku njema walifika nguzo ya tano. Baada ya dripu ya nne alifika ya kwanza tu, akaishika kwa mikono miwili, akalia. Mliokuwa naye siku ile hamkumwambia jikaze. Mlisimama mpaka alipomaliza, mkamrudisha nyumbani, na yule kijana fundi rangi akasema, "Mwalimu, kesho tuanzie hapa hapa." Nilikuwa dirishani. Nimeoa mwaka wa 31 huu, na sijui kama nimewahi kuona mke wangu akipendwa namna ile na watu wasio ndugu zake wa damu.

Dawa zile hushusha kinga ya mwili, na homa ndogo tu ni ya kukimbizwa hospitali. Hilo nalo mlilibeba. Mliweka ndoo ya maji na sabuni getini, na mwenye mafua alisalimia kwa mbali akapita zake. Akina mama mlileta uji wa ulezi, kwa sababu chakula kingine kilikuwa na ladha ya chuma mdomoni mwake.

Na ule usiku wa kuamkia tarehe 15 Septemba 2025! Ijumaa yake alikuwa ametoka kwenye dripu ya tano, usingizi hana, kichefuchefu kimemkaba. Huko Tokyo wanakimbia marathoni ya dunia. Tuliwasha simu, tukaiegemeza kwenye chupa ya chai. Ilipokaribia saa kumi usiku kwa saa zetu, Alphonce Simbu, kijana wa Singida, wa jirani zetu kabisa, alimpiku Mjerumani kwenye mstari kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Medali ya kwanza ya dhahabu ya Tanzania katika mashindano hayo. Mwalimu alipiga kigelegele mpaka jirani akawasha taa. Simu ikafurika ujumbe wenu, kumbe nanyi mlikuwa macho. Asubuhi alikunywa uji wote.

Michango ilifikia shilingi 4,386,500, na kila senti imeandikwa kwenye daftari ambalo mweka hazina wa kundi analo. Anayetaka kuliona anakaribishwa. Ilitusaidia kwa vipimo vilivyokuwa nje ya bima, dawa chache, na nauli. Ndani ya daftari kuna "bodaboda wa kona, 22,000", kuna "mama wa maandazi, 3,000", na kuna 500 ya mwanafunzi wa darasa la nne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Hospitali ya Benjamin Mkapa, na wa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, alikopigwa mionzi siku 15, Jumatatu hadi Ijumaa. Treni ya SGR ilituokoa na safari ya kutwa nzima ndani ya basi, ambayo mwili wake usingeiweza. Shemeji zetu wa Tabata, mlitupisha chumba chenu mkalala sebuleni, Mungu awaongezee. Walimu wenzake mlibeba vipindi vyake bila kunung'unika. Kanisa na msikiti wa mtaani, dua zenu zilitufikia.

Jumamosi, tarehe 17 Januari 2026, saa 12 asubuhi, tunawaomba mje getini kwetu. Hakuna kiingilio wala fulana maalumu. Tutakwenda mpaka nguzo ya ishirini na kurudi, kwa mwendo wa Mwalimu: anatembea, anakimbia kidogo, anatembea. Ameomba jambo moja tu, kwamba nyuma ya wote akae yeye. Tukirudi kuna chai, viazi vitamu na maziwa mgando, na mchungaji atatuongoza kwa sala fupi.

Ni mimi mumewe, kwa niaba ya watoto, mjukuu na ukoo mzima.